Kabla Uuze Waru Ununue RAM, Pima Kwanza

Wasee, hii tabia ya kila laptopu ikikwama mtu anaambiwa "ongeza RAM" ni biashara bila mizani. Na sisi watu wa Ainabkoi tunajua biashara bila mizani inaitwaje: lumbesa.

Mkulima wa waru alikuwa anajaza gunia mpaka linaota kichwa, broka analipa bei ya gunia moja. Kanuni za 2019 zikasema gunia lisizidi kilo 50. Hazikuongeza waru shambani. Zilisema tu: pima.

Kwa kompyuta bado tunauziwa lumbesa. Laptopu nyingi za ex-UK tunazonunua Eldoret, ukiziwekea Linux, kerneli ndiyo inagawia programu RAM, na inagawa kwa kurasa za kilobaiti 4. Hiyo ni gorogoro. Lakini tangu Linux 2.6.38 ya 2011, kerneli inaweza kutoa gunia zima bila kuulizwa: ukurasa mmoja wa megabaiti 2, sawa na gorogoro 512. Faida iko. Prosesa inakumbuka anwani chache, kazi inaenda mbio. Hasara pia iko. Programu ikitenga nafasi kubwa halafu itumie gorogoro tatu tu, zile 509 zinalala kwake bure, na kwa hesabu zimeandikwa zimetumika. Redis, databesi inayotumika dunia nzima, inashauri watu wazime hiyo kitu.

Sasa hapa ndipo tunachezewa. Mtu anakwambia fungua /proc/meminfo, angalia HugePages_Total, ukiona 0 basi kurasa kubwa hazitumiki. Si kweli. Mstari huo unahesabu magunia yaliyotengwa mapema na mwenye mashine. Yale kerneli inagawa yenyewe yako mstari mwingine: AnonHugePages. Unaweza kuona 0 kwa mmoja na mamia ya megabaiti kwa mwingine. Ukitaka kujua ni programu gani imeyashika, ingia /proc, kisha namba ya hiyo programu, kisha smaps, utafute AnonHugePages tena.

Na wenye kuunda kerneli pia siwaachi. Linux 6.8 ya 2024 ilileta kurasa za saizi ya kati, kama kilobaiti 64. Hizo AnonHugePages haizihesabu. Yaani mnaleta debe jipya sokoni na mizani mnaacha ile ya zamani? Mwenye mashine anafaa kuona kila kitu mahali pamoja, si kuzunguka faili kwa faili kama mtu anayetafuta sahihi ya chifu.

Najua mtakuja na ile ya "wewe uliacha chuo, haya ni ya mainjinia." Niliacha, ndio. Lakini /proc/meminfo haiulizi digrii. Inasomwa na yeyote mwenye kibodi.

Na sisemi RAM haiishi. Kuna mashine ya gigabaiti 4 ambayo kweli imechoka. Shida yangu ni kijana anayehariri video za harusi kuambiwa atoe pesa ya mbegu kabla mtu yeyote hajaangalia hata namba moja.

Kwa hivyo leo andika hii: grep HugePages /proc/meminfo. Halafu fungua /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled. Neno lililo ndani ya mabano ndilo linatumika: always, madvise ama never. Kama ni always na AnonHugePages imefura, weka madvise, ambapo gunia linapewa programu iliyoomba tu. Washa programu zako upya, fanya kazi siku mbili, pima tena.

Ikibaki vile vile, sawa, nunua RAM. Lakini fundi akikataa kukuonyesha hizo namba, usimpe hata bob.