Babu kutetemeka si uzee tu: Chanzo kiko ndani ya seli

Mzee akianza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na kuongea kwa sauti ya chini, wengi nyumbani husema ni uzee. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Lakini dalili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza, James Parkinson, mwaka 1817.

Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa na daktari kuwa wana ugonjwa huo. Maana yake hawakuwa wakipata dawa, ingawa dawa ipo.

Ugonjwa huu huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta kinachoziua mapema.

Kidokezo kimoja kilipatikana California, Marekani, mwaka 1982. Vijana waliojidunga heroini bandia walifikishwa hospitalini wakiwa wamekakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walibaini kuwa ilikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Ikifika ubongoni, hugeuka sumu inayoingia kwenye seli za dopamini na kuzima mitokondria, yaani mitambo midogo inayoipa seli nguvu.

Mwaka 1997 watafiti waliochunguza familia za Italia na Ugiriki walipata hitilafu kwenye jeni la protini ya alfa-sainuklini. Ikabainika pia kuwa protini hiyohiyo ndiyo inayogandana kuwa mafundo ndani ya seli za wagonjwa.

Baadaye yaligunduliwa majeni mengine mawili, Parkin na PINK1. Kazi yake ni kama ya wazoa taka: moja huweka alama kwenye mitokondria iliyoharibika, jingine husaidia iondolewe. Yakiwa na kasoro, uchafu hujaa ndani ya seli.

Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi hakuna jeni moja la kulaumiwa. Umri, urithi na mazingira huchangia kwa pamoja. Baadhi ya viuatilifu, kama parakwati inayoua magugu, vimehusishwa na ongezeko la hatari. Familia za wakulima zivae glavu na barakoa wakati wa kupulizia, zisihifadhi dawa hizo chumba cha kulala, na kopo lake lisitumike kuchotea maji.

Dalili nyingine ni mwandiko kuwa mdogo, kupoteza uwezo wa kunusa, kukosa choo kwa siku kadhaa na kurusha mateke usingizini. Dalili moja pekee haithibitishi ugonjwa. Daktari ndiye wa kupima.

Bado hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia seli hizo zisife. Ila levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea, kula na kuvaa mwenyewe. Isikatishwe ghafla bila ushauri wa daktari. Mazoezi ya kila siku nayo husaidia.

Watoto nao waelezwe kuwa Parkinson hauambukizi. Wanaweza kula sahani moja na babu, kumshika mkono na kutembea naye taratibu.