Dhamiri Haiachwi Mlangoni pa Duka



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo husikika mara chache mimbarini, nalo ni biashara ya vitu vinavyoangamiza watu. Tumezoea kumhubiria mlevi. Mlevi anaonekana, ananuka, anaanguka mtaroni, na ni rahisi kumnyoshea kidole. Yule aliyempimia pombe tunamwita mfanyabiashara, na Jumapili huwa ameketi viti vya mbele.

Tuanze na viroba. Kwa miaka mingi hapa Tanzania pombe kali iliuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, kwenye vibanda, vituo vya mabasi na hata karibu na shule. Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Machi mwaka huohuo. Uganda nayo ilipiga marufuku vifuko hivyo mwaka 2019. Pombe ya kwenye kiroba haikuwa na tofauti kubwa na ile ya chupa. Hatari ilikuwa katika udogo wa kifuko. Kiliweza kufichwa katika mfuko wa sare ya shule au katika koti la dereva wa bodaboda, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mnunuzi hakulazimika kufikiri mara mbili. Kumbe hata namna bidhaa inavyofungwa na kuuzwa yaweza kuwa mtego kwa aliye dhaifu.

Niliiunga mkono marufuku ile, na ninaiunga mkono hata leo. Lakini, ndugu zangu, sheria hutungwa Dodoma, ila hutimizwa au huvunjwa kwenye kaunta ya duka la mtaani. Chukueni mfano wa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango, yaani TBS, ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa chakula na vipodozi. Hata hivyo dada zetu bado huvipata, wakauziwa chini ya meza. Inasikika kwamba wakaguzi wako njiani, milango inafungwa. Wakishaondoka, inafunguliwa tena. Aliyewapigia wenzake simu anajiona amesaidia jirani. Tujiulize: amemsaidia jirani yupi? Mwenye duka, au mama mjamzito atakayejipaka zebaki ile akiwa na mtoto tumboni?

Majirani zetu wa Kenya wametupa fundisho chungu. Mwezi Februari 2024, katika Kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa na wengine wakapoteza uwezo wa kuona baada ya kunywa pombe haramu. Serikali yao ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi kama kielelezo, kisha ikarudi mitaani. Tafakarini jambo hilo. Sheria ilikuwepo, msako ulifanyika, mzigo ulikamatwa. Kilichokosekana ni uaminifu wa mtu mwenye ufunguo. Pombe ya namna hiyo mara nyingi huwa na methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Mnywaji haionji wala hainusi. Anaamka kesho yake akiwa kipofu, kama ataamka.

Najua pingamizi lililopo, nami silidharau. Wengi wanaouza ni maskini: mjane mwenye kibanda, kijana aliyekosa ajira. Wanauliza kwa nini wakaguzi hukimbilia meza zao huku muagizaji mkubwa akilala kwa amani. Swali hilo ni la haki. Usimamizi unaomwonea mdogo na kumwogopa mkubwa ni dhuluma mpya juu ya ile ya zamani, na ofisa anayepokea bahasha ameuza kile ambacho si chake. Hata hivyo umaskini wa muuzaji hauipunguzii methanoli ukali wake. Anayekufa kwa pombe ile naye ni maskini mwenzake, na mara nyingi ni wa mtaa uleule. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwana wa muuzaji naye ana marafiki wanaomwonjesha.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza vipimo na kuona sikukuu inawachelewesha kurudi sokoni. Nabii Habakuki akamtangazia ole mtu amnyweshaye jirani yake. Hao wote walizungumza na wauzaji kabla ya kuzungumza na wanunuzi. Anayekuja kuungama wizi wa kuku, mbona haungami faida aliyoipata kwa kumuuzia sigara mtoto wa darasa la sita? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara na pombe. Na sisi wazazi tunaomtuma mtoto huyohuyo dukani akatuletee bia, tunamweka muuzaji katika kishawishi na kumfundisha mtoto njia.

Basi naomba mambo matatu. Jumuiya ndogo ndogo zizungumze juma hili juu ya kinachouzwa katika mtaa wao, bila kutajana kwa visasi. Wenye maduka miongoni mwetu waondoe rafuni kile wasichothubutu kumpa mtoto wao, nasi tuwaunge mkono kwa kununua kwao, maana muuzaji mwaminifu anayeachwa afilisike peke yake ni aibu yetu sote. Na halmashauri ya walei imwendee mtendaji wa kata na afisa biashara, iwaulize kwa heshima lini wamekagua na mzigo uliokamatwa uko wapi. Swali hilo la mwisho lisisahaulike. Huko Kirinyaga, lau lingeulizwa mapema, huenda wapo ambao wangekuwa hai leo.