Ripoti za ukaguzi: Neno moja halikutosha

Uingereza ilichelewa kufuta, Septemba 2024, alama ya jumla ya neno moja kwa shule za umma za England. Shule ya mwalimu mkuu Ruth Perry ilipewa na wakaguzi wa Ofsted alama ya chini kabisa kwa kasoro za uongozi na ulinzi wa watoto, ilhali ufundishaji wake ulitajwa kuwa mzuri. Alijiua Januari 2023. Mchunguzi wa vifo alibaini kuwa ukaguzi huo ulichangia.

Tangu Novemba 2025, kadi mpya hupima kila eneo peke yake: ufundishaji, mahudhurio na tabia, uongozi. Shule huona pa kurekebisha. Hata hivyo madaraja ni matano, na vyama vya walimu vimelalamikia shinikizo. Mzazi mwenye haraka, bila shaka, atatazama madaraja na kuyaacha maelezo.