Mtoto Asiyeuliza



Ipo kauli tuisikiayo mara kwa mara katika jumuiya zetu ndogo ndogo, nayo hutamkwa kwa fahari: mtoto aliyelelewa vema hawahoji wakubwa. Sisi twaikataa kauli hiyo, na twaikataa hasa inapovikwa joho la Amri ya Nne.

Mwaka 2013 Mary Gauvain na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya maneno ya watoto wa miaka 3 hadi 5, yaliyokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 miongoni mwa Wamaragoli wa Kenya, na pia huko Belize, Nepal na Samoa. Watoto hao waliuliza: ni nini, yuko wapi, nani amekuja. Lililokuwa adimu kwao, kuliko kwa watoto wa Marekani, ni swali la "kwa nini". Je, walipungukiwa akili? Hasha. Mtoto anayeshinda mgongoni mwa dada yake hutazama jinsi moto unavyokokwa, naye hujifunza bila kuelezwa. Ila "kwa nini" huhitaji mtu mzima aliye tayari kujibu, na nyumba nyingi hazina huyo.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Barbara Tizard na Martin Hughes, katika kitabu chao cha mwaka 1984, waliwafuatilia wasichana wa Uingereza wa umri wa karibu miaka 4. Nyumbani waliwauliza mama zao maswali 26 kwa saa, kwa wastani. Katika shule ya chekechea waliwauliza walimu mawili tu. Mtoto ni yule yule. Aliyebadilika ni mkubwa aliye mbele yake.

Basi tusijifiche nyuma ya mila. Mila zetu zilimpa mtoto haki ya kuita "Kitendawili!", na wazee wakaitikia "Tega!", na waliposhindwa wakampa mji. Ile "nyamaza, wakubwa wanaongea" aghalabu si mila. Ni uchovu, au aibu ya kutojua jibu.

Na Maandiko je? Katika Kutoka sura ya 12, Musa anatazamia kwamba watoto watauliza maana ya Pasaka, naye anawaagiza wazazi wajibu. Bwana wetu, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Bikira Maria alimwuliza Malaika, akajibiwa. (Twajua mtatutajia Zakaria. Yeye hakusadiki.)

Lakini katika mafundisho yetu ya Komunyo ya Kwanza, swali ni la kitabu, jibu ni la kitabu. Mtoto huazima sauti tu. Kisha twashangaa anapofikia Kipaimara akiwa hana neno, na baada ya Kipaimara haonekani tena.

Liko zito zaidi. Mtoto aliyezoeshwa kwamba mkubwa hahojiwi, siku mkubwa huyo atakapomvuta gizani, awe mjomba, mwalimu au padre, atalitoa wapi neno la kukataa?

Kuanzia Jumapili ijayo makatekista watatenga robo saa ya mwisho kwa maswali ya watoto wenyewe, nasi tutakuwepo kujibu. Mzazi anayeona huo ni utovu wa adabu na aje ofisini baada ya Misa ya pili.