PAKA AKING'ATA, AULIZWE KWANZA MWENYE PAKA



Ndugu yangu Muislamu, leo nina ugomvi na wewe. Wewe unayeshuka ngazi saa sita usiku na kiroba kinachochezacheza, unavuka Mtaa wa Msimbazi, unakifungua nyuma ya vizimba vya soko la Kariakoo, kisha unarudi kulala. Asubuhi watoto wakiuliza, unawaambia paka amekimbia. Umetenda dhulma, halafu ukaongeza na uongo.

Juzi baada ya swala ya Isha alinijia dada mmoja anayekaa ghorofa ya tano, Narung'ombe, na mtoto wake mkono umeparurwa na kung'atwa. Paka wao wa miaka mitatu amegeuka. Anarukia miguu ya watu, ukimshika anang'ata, usiku halali. Mume kasema akatupwe sokoni. Jirani kasema huyo ni jini, na mtu wa kumsomea keshampata, kwa pesa ambayo nyumba ile ingenunulia mchele wa mwezi mzima. "Ustadh, nifuate lipi?" Nikamwambia, dada yangu, usifuate hata moja.

Nikamuuliza: paka anatoka nje? Hatoki, mlango wa geti unafungwa. Anakula nini? Mabaki, yakiwepo. Nani anacheza naye? Watoto, wanamvuta mkia. Halafu akakumbuka mwenyewe: wiki ya pili sasa anatafuna upande mmoja tu.

Sasa nisikilize. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia bustani ya mtu wa Answari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona akaguna, macho yakatoka machozi. Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akauliza nini? Aliuliza ni nani mwenye ngamia huyu! Kijana akajitokeza, akaambiwa amche Allah, kwani mnyama amelalamika kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa. Swali lilikwenda kwa mwenye mali. Sisi tunaanza na fimbo, tukishindwa tunaleta kiroba.

Na yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kila mtoto wa madrasa anaijua. Kosa lake alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Haya, niambie, ghorofa ya tano Kariakoo kuna wadudu gani wa ardhini? Kuna vigae na balkoni yenye nondo. Ukimweka mnyama pale, riziki yake yote iko mkononi mwako, na maji yake, na mahali pa kujificha watoto wakimzidi.

Kuhusu majini: yapo, Qur'ani imeyataja, hakuna Muislamu anayekataa. Lakini kila mnyama mwenye jino bovu akiwa jini, tutabaki na wanyama wangapi? Paka hubadilika kwa maumivu ya jino, sikio au kidonda. Hubadilika akiwa na watoto, akitishwa, akifungiwa, na dume akitafuta jike. (Suala la kumhasi lina khilafu ya wanazuoni, nitaliandikia siku yake.) Ukimpiga anajifunza kwamba mkono wako ni adui. Mwache atulie, mpe kona yake, wafundishe watoto kutomgusa anapokula na anapolala, na umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Wewe mwenye kiroba bado sijamalizana na wewe. Sisi wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i. Imam An-Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba paka akijulikana kuwa na tabia ya kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe analipa, iwe usiku iwe mchana. Hiyo ni njiwa na chakula! Wewe umemjua paka wako anang'ata watu, ukamfungulia penye mama lishe na wabeba mizigo waliolala juu ya maboksi. Dhamana hiyo utaitoa kwa nani, nawe hujui hata uliyemdhuru jina? Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo nchini tangu mwaka 2008.

Tena kuna jambo linaua. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake, paka naye anakipata na anaambukiza. Mnyama aliyebadilika ghafla, anayetoka udenda, asiyeweza kumeza, anayeng'ata hata miti, usimsogelee, ita watu wa mifugo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo ukiparurwa au kung'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, na sindano zote uzimalize. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Kombe utakunywa baadaye ukitaka, lakini anayemzuia mtoto asiende hospitali kwa sababu "ni mambo ya majini" ajiandae kujibu mbele ya Mola wake.

Na mnyama akithibitika hatari, hana tiba, sheria haikulazimishi ufe naye. Mbwa mng'ataji ameruhusiwa kuuawa hata katika eneo la Haram. Lakini tumeamrishwa kuua kwa wema: daktari, sindano, bila kumtesa. Kumsukumia mwenzio tatizo gizani hakumo humo.

Yule dada alikwenda hospitali usiku uleule, mtoto ameanza sindano. Paka yuko chumba cha uani, analishwa, anatazamwa kwa siku 10 kama alivyoelekeza daktari, na jino litashughulikiwa. Mume bado amenuna. Baba Fulani, ujumbe wako nimeusoma, hata ule wa matusi. Njoo baada ya Magharibi tuzungumze, na kiroba kiache nyumbani.

Wallaahu a'lam.