Wasanifu chipukizi wa mpakani wajihadhari: Mali bila daftari huisha bila habari

NENO bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, pale waendesha baiskeli wa Busia na Malaba walipokuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo yao kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine, wakinadi safari ya "boda hadi boda". Leo neno hilo linatumika kote Afrika Mashariki na limo hata katika hotuba za marais. Hata hivyo, ni wachache mno wanaoyajua majina ya walioianzisha biashara hiyo.

Kisa hicho ni funzo kwa kizazi kingine cha wabunifu kinachochipuka katika miji hiyo miwili. Hawa ni wasanifu wa michoro, au madizaina kama wanavyoitwa mitaani.

Yeyote anayetembea kuelekea lango la forodha la Busia, au anayepita kando ya foleni ya malori Malaba, hatakosa kuviona vibanda vyenye kompyuta moja, printa moja na bango linalotangaza kila huduma, kuanzia picha za pasipoti hadi fulana za harambee. Ndani ya kibanda mna kijana, aghalabu aliyetoka chuoni majuzi, anayechora nembo ya kanisa asubuhi, kadi ya arusi adhuhuri na lebo ya unga wa muhogo jioni.

Ushauri ambao vijana hawa hupewa kila mara ni mmoja: jifunze programu hii, kisha ile, fanya mazoezi, weka kazi zako kwenye mtandao. Ni ushauri mzuri, lakini haujakamilika. Wengi wanaoiacha kazi hii hawaiachi kwa kukosa kipaji. Wanaiacha kwa sababu walifanya kazi, kazi ikatumika, na wao wakabaki bila malipo na bila ushahidi.

Tuanze na sheria. Vijana wengi huamini kwamba aliyechora ndiye mwenye mchoro. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinaanza hivyo hivyo, kwamba hakimiliki ni ya mtunzi. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza sharti: kazi ikiwa imeagizwa na mteja, au imefanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo.

Msomaji ayapime maneno hayo ya mwisho. Maana yake ni kwamba kijana asipoweka makubaliano yoyote, sheria imekwisha kumwamulia, na imeamua kwa manufaa ya mteja. Mwenye duka aliyeagiza nembo anaweza kuipeleka kwa mchapishaji mwingine, kuibandika kwenye magari na kuiuza pamoja na biashara yake, huku msanifu akiendelea kupiga simu kuulizia salio.

Kinachobaki mikononi mwa msanifu ni haki za kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi na haki ya kupinga isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Ni haki muhimu, ila hazilipi kodi ya nyumba.

Sisemi kwamba ni dhuluma mteja kumiliki nembo ya duka lake. Ni jambo la kawaida, na biashara nyingi zisingekubali vinginevyo. Ninachosema ni kwamba uhamisho huo una bei, na una wakati wake. Sentensi moja tu inatosha kuubadilisha uhusiano wote: "Hakimiliki ya kazi hii itahamia kwa mteja atakapomaliza kulipa." Sentensi hiyo iandikwe kwenye ankara, iandikwe kwenye makubaliano ya nusu ukurasa, na mteja atie saini.

Wapo watakaosema kwamba mteja wa Malaba au wa Amukura akionyeshwa mkataba atadhani anapelekwa mahakamani. Hoja hiyo ina uzito wake. Mpakani biashara nyingi huendeshwa kwa kuaminiana, na aghalabu mteja ni jirani au shemeji. Lakini wafanyabiashara hao hao huandikiana wanapouziana shamba au ng'ombe, na hakuna anayeona kuwa ametukanwa. Asiyependa karatasi aandikiwe ujumbe wa simu unaotaja kazi, bei, siku ya kukamilisha na sharti la hakimiliki, naye ajibu kwamba amekubali. Ushahidi wa namna hiyo ni afadhali kuliko kumbukumbu ya mdomo.

Tena upo mlango wa kugonga. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Deni la mabango ya Sh40,000 ni dai halali huko. Lakini hakimu atauliza swali lile lile: makubaliano yako wapi?

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya siasa. Kenya itafanya uchaguzi mkuu Agosti 2027. Uganda nayo huchagua kila baada ya miaka mitano, kama ilivyofanya Januari 2021 na Januari 2026. Kwa hivyo msanifu wa mpakani ana misimu miwili ya kampeni, ilhali mwenzake wa Nyeri ana mmoja tu. Ni neema, na ni mtego vilevile.

Ni mtego kwa sababu mwaniaji huagiza haraka na kwa wingi, mara nyingi kwa mkopo. Akishinda, huwa na shughuli nyingi. Akishindwa, simu yake haipatikani. Kijana aliyekopa ili anunue wino na turubai ndiye anayebaki na hasara. Kwa kazi za kampeni, kanuni iwe moja: arbuni ya nusu kabla ya kuanza kuchora, na salio kabla ya bango kutoka kibandani. Anayekataa masharti hayo leo hatayakumbuka baada ya kura kuhesabiwa.

Jambo la pili ni kuujua mpaka wenyewe. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, na tangu 2014 raia wa Kenya na wa Uganda wamekuwa wakivuka kwa vitambulisho vya kitaifa.

Busia iko yapata kilomita 200 kutoka Kampala, na zaidi ya mara mbili ya umbali huo kutoka Nairobi. Hivyo mshindani wa karibu wa kibanda cha Busia ni mitambo ya Nasser Road, mtaa wa Kampala unaosifika kwa uchapishaji na hasa kwa mabango yake ya kisiasa. Kijana mwerevu hatashindana nao kwa bei ya karatasi. Atachora hapa na kuchapisha kunakomfaa, mradi ushuru na muda wa usafirishaji viwe vimo katika bei yake.

Aidha, ataje shilingi. "Elfu hamsini" ya Kenya na "elfu hamsini" ya Uganda ni pesa mbili tofauti kabisa, kama anavyojua kila anayebadilisha fedha pale mpakani. Ankara iseme ni shilingi ya nchi gani. Mteja akiwa wa ng'ambo, makubaliano yataje pia sheria ya nchi itakayofuatwa, kwani Uganda ina sheria yake ya hakimiliki ya 2006.

Tatu, kijana atafute kazi ambayo kompyuta haiwezi kumnyang'anya kwa urahisi. Programu za akili unde sasa huchora nembo kwa dakika moja, na mteja asiyejali atatosheka nayo. Lakini programu hiyo haimjui mama wa Teso anayesaga muhogo na ambaye anataka unga wake ukubalike madukani pande zote mbili.

Mama huyo anahitaji mtu anayeijua kanuni ya Afrika Mashariki ya lebo za vyakula, EAS 38, inayodai jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi inakotoka na tarehe. Anahitaji pia mtu anayejua kwamba rangi inayong'aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi, kwa kuwa skrini hutumia mwanga na mashine hutumia wino. Msanifu anayeyajua hayo hachukui tena malipo ya mchoro pekee. Anachukua pia malipo ya ujuzi.

Lugha nayo ni mtaji. Mnamo Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kijana wa Busia anayeandika Kiswahili sanifu, na anayezungumza Kiteso au Kisamia na wateja wake, ana bidhaa ambayo Nasser Road haina kwa wingi. Inasikitisha kwamba mabango mengi ya mpakani yamejaa makosa ambayo mwanafunzi wa darasa la sita angeyaona.

Hapa naongea kwa uzoefu wa kazi yangu ya uhariri. Kosa la herufi moja likishachapwa nakala elfu moja huwa ni kosa elfu moja, na kila mtu humnyooshea mwenzake kidole. Dawa yake ni ya kale: toa prufu, mteja aisome, atie saini na tarehe. Baada ya saini hiyo, gharama ya kosa alilolipitisha ni yake.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, kuna kazi zisizofaa kuguswa. Mpaka una majaribu yake. Atakuja mtu mwenye haraka akitaka "kurekebishiwa" tarehe kwenye cheti cha chanjo, muhuri wa forodha au hati ya masomo. Mwingine ataomba lebo au magunia yenye nembo ya kampuni asiyoiwakilisha. Malalamishi ya sukari ya magendo kupakiwa upya katika magunia ya viwanda vya humu nchini si mageni magharibi mwa Kenya.

Kughushi hati ni kosa ambalo kwa jumla kifungo chake ni hadi miaka mitatu chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, na nyaraka nyingine zina adhabu kali zaidi. Bidhaa bandia nazo zina sheria yake ya 2008. Mwenye magendo huvuka mpaka na kutoweka. Faili la mchoro hubaki ndani ya kompyuta ya kijana.

Mwisho, kijana ajisajili. Tangu 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kwa kawaida hayakubaliki katika hesabu za kodi. Ndiyo maana kampuni, hoteli na mawakala wa forodha humkwepa msanifu asiyeweza kuitoa, hata akiwa hodari. Kazi za serikali nazo, ambapo asilimia 30 ya zabuni imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, haziwezi kumfikia asiye na cheti.

Serikali ya kaunti na vyuo vya eneo hili vina wajibu pia. Ni ajabu kumfundisha kijana miaka miwili jinsi ya kupanga herufi na rangi bila kutenga hata wiki moja ya kumfundisha kuandika makubaliano na ankara.

Waendesha baiskeli wa zamani walituachia neno na wakasahaulika. Wasanifu wa leo hawana sababu ya kusahaulika vivyo hivyo. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lenyewe huuzwa katika kila duka la Busia na Malaba. Kijana alinunue kabla ya msimu wa kampeni kuanza.