Supakapasita na Wavuvi wa Sindo: Istilahi kwa Faida ya Nani?

Usiku wa giza totoro, msafiri akisimama ufuoni Sindo, katika Kaunti ya Homa Bay, huona ziwa limejaa taa kana kwamba mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hao ni wavuvi wa omena, samaki mdogo anayeitwa dagaa Tanzania na mukene Uganda, ambaye hufuata mwanga. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai. Baadaye betri na paneli za jua zikaingia mitumbwini, na pamoja nazo likaja swali ambalo wataalamu wa Kiswahili hawajalishughulikia ipasavyo: mvuvi ataelezwaje kifaa cha kuhifadhi umeme anachouziwa?

Neno karabai lenyewe lina funzo. Linatokana na kabaidi, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya kuwashia taa. Kabaidi ikaondoka, ikaja taa ya pampu na mafuta ya taa, jina likabaki pale pale. Kosa hilo halikumdhuru mtu, maadamu mvuvi aliijua taa kwa mikono yake kabla ya kujali asili ya jina. Kwa supakapasita mambo ni kinyume. Hapa neno limetangulia kitu.

Betri huhifadhi umeme kwa mabadiliko ya kikemikali ndani yake. Supakapasita ya kawaida haitegemei hayo. Elektrodi mbili hukaa katika elektroliti, na ioni hujipanga juu ya nyuso zake mpaka umeme utakapohitajika. Kwa hivyo jambo kubwa ni upana wa uso wa elektrodi. Kaboni iliyojaa vitundu vyenye upana wa nanomita chache au chini ya hapo (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huweza kuwa na uso unaozidi mita za mraba 1,000 katika gramu moja. Kijiko cha unga mweusi, basi, kimebeba uwanja wa mpira! Unga huo hutengenezwa hata kwa mimea. Vifuu vya nazi hutumika viwandani, na watafiti wa nchi kadhaa wamejaribu gugumaji, lile lile ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likiwafungia njia wavuvi wa Ziwa Viktoria. Mmea hukaushwa, huchomwa pasipo hewa, kisha aghalabu huchanganywa na hidroksidi ya potasiamu na kupashwa joto la takriban nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi ili vitundu vifunguke.

Mtafsiri mwenye haraka ataandika "kapasita kuu" na kujipongeza kwa Kiswahili safi. Neno hilo litamdanganya mvuvi. Kwa kila kilo, supakapasita nyingi za sokoni hubeba kama wati-saa 5 hadi 10, ilhali betri nyingi za lithiamu hupita 100. Ubora wake uko kwingine: hujaa kwa sekunde au dakika, na hustahimili kuchajiwa mara laki kadhaa. Mvuvi anahitaji mwanga hadi alfajiri. Akinunua "kuu" hiyo peke yake kwa kuamini jina, huenda akajikuta gizani katikati ya ziwa. Afadhali kukopa supakapasita, kama lilivyokopwa karabai, na kuitumia bidii ya uundaji wa istilahi katika maneno yanayolizunguka. Umeme wa supakapasita hupungua wenyewe upesi kuliko wa betri hata kisipotumika kitu. Kwa nini isisemwe kwamba "unavuja"? Mwenye mtumbwi hahitaji kamusi kulielewa hilo.

Itadaiwa kwamba Sindo ni nchi ya Dholuo, na kwamba Kiswahili hakina kazi huko. Dai hilo lina uzito, hasa mahali ambapo Kisuba kimekwisha kumezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Hakuna sababu ya kuleta lugha nyingine imeze zaidi. Lakini biashara ya omena huvuka mipaka ya lugha na ya nchi, na taa zinazouzwa Sindo hutafutwa Mwanza pia. Maelezo ya Kiswahili yanaweza kusimama kando ya yale ya Dholuo.

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi ya kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba tasnifu nyingi za istilahi zilizofuata zimewasaili wahadhiri na wanafunzi, yaani watu wasiowahi kuzimikiwa na taa ziwani. Tasnifu moja ingeweza kuanzia ufuoni Sindo asubuhi, kabla omena hawajaanikwa, kwa kuwauliza wavuvi taa ilizimika saa ngapi na hali hiyo wao wanaiitaje.